Jinsi ya kuutumia mkono wa kulia: maelekezo ya seremala

Ukimuuliza mtu anatumia mkono gani, atakujibu papo hapo kwamba ni wa kulia, tena atashangaa unauliza nini. Mimi nafundisha useremala, na kila mwanagenzi anayeingia karakanani namuuliza hivyohivyo. Jibu lake nalisikia, kisha nampa ufagio wa mpini mrefu nimtazame akifagia. Baada ya ufagio nampa nyundo. Mara nyingi nyundo hukubaliana na alichosema. Isipokubaliana, heri nijue siku hiyohiyo, kabla sijampangia meza ya kazi.

Ninayoandika hapa ni kwa ajili ya yule ambaye jibu lake ni la kweli, mtu wa kulia hasa. Tuko wengi, takribani 9 katika kila watu 10, na kwa wingi wetu huo hakuna anayejisumbua kutufundisha. Mtu wa mashoto huanza kuufikiria mkono wake tangu utotoni, kwa kuwa mkasi unamgomea na wino unamchafua kiganja. Sisi tunakuta kila kitu kimeelekezwa kwetu. Tunakua hivyo, tunazeeka hivyo, na mkono wetu wa pili unabaki kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni akasahauliwa.

Pima kwanza

Kipimo kimoja kinachojulikana sana ni kile alichochapisha mwanasaikolojia R. C. Oldfield mwaka 1971, kinachoitwa kwa jina la mji wa Edinburgh. Kinauliza mambo kumi: kuandika, kuchora, kurusha, kukata kwa mkasi, kupiga mswaki, kukata kwa kisu bila uma, kushika kijiko, mkono unaokaa juu kwenye mpini wa ufagio, kuwasha njiti ya kiberiti, na kufungua kifuniko cha boksi. Kwa kila jambo weka alama moja upande wa mkono unaoutumia. Kama mkono wa pili huwezi kuutumia kwa jambo hilo hata kwa kubembelezwa, weka alama mbili. Kama yote ni sawa kwako, weka moja huku na moja kule. Ukimaliza, chukua alama za kulia, toa za kushoto, gawanya kwa jumla ya alama zote, kisha zidisha kwa 100. Anayepata 100 kamili ni mtu wa kulia moja kwa moja. Anayeangukia chini ya sifuri ni wa mashoto. Na katikati wapo wengi kuliko unavyodhani.

Usijibu kwa kukumbuka ukiwa umeketi. Chukua mswaki, chukua ufagio, rusha kitu. Mikono haijui ulichopanga kujibu.

Kuandika nako usikupe uzito mkubwa kuliko mengine, maana kuandika mtu hufundishwa, na wapo waliofundishwa kwa fimbo. Nina kijana anayeandika kwa kulia kwa sababu mwalimu wake wa darasa la kwanza hakutaka mchezo. Nyundo anaipiga kwa kushoto, mpira anaurusha kwa kushoto, ufagio mkono wa juu ni wa kushoto. Kumwekea huyo jiliwa (kile kibanio cha mbao kwenye meza ya kazi) la mtu wa kulia ni kumtesa bure.

Ukiwa hapohapo, pima na jicho. Nyosha mikono yote miwili mbele, kutanisha viganja ubakishe kitundu kidogo katikati, na kupitia kitundu hicho tazama kitasa cha mlango. Bila kusogeza mikono, funga jicho la kushoto. Kitasa kikibaki palepale, jicho lako kuu, yaani lile unalolitegemea kulenga, ni la kulia. Kikitoweka, ni la kushoto. Watu wenye jicho kuu la kulia ni takribani theluthi mbili, kwa hiyo wapo wengi tu wenye mkono wa kulia na jicho la kushoto, na hilo si ugonjwa. Ila mtu wa aina hiyo akipiga msumeno bila kujijua, mstari utamkimbia, kwa sababu kichwa anakiweka anapokiweka mwenzake. Ainamishe kichwa zaidi hadi jicho lake kuu lisimame juu ya mstari.

Mkono huu umetoka wapi

Nyuzi za neva zinazoamrisha misuli hupishana pale ubongo unapokaribia kuungana na uti wa mgongo. Ndiyo maana nusu ya kushoto ya ubongo ndiyo inayouendesha mkono wa kulia, na kwa walio wengi wetu hata lugha inategemea zaidi nusu hiyohiyo. Mambo yenyewe huanza mapema. Peter Hepper na wenzake huko Belfast waliwatazama watoto tumboni kwa ultrasaundi, wakaona wengi wakinyonya kidole gumba cha kulia. Baadaye waliwafuatilia baadhi yao wakiwa na umri wa miaka 10 hadi 12. Wale 60 waliokuwa wakinyonya gumba la kulia wote walikuwa watu wa kulia. Wa gumba la kushoto walikuwa 15, na kati yao 10 walikuwa wa mashoto, 5 wakawa wa kulia.

Lakini habari ninayowapa vijana wangu ni ya jino. Kuna taya lililopatikana Olduvai, Tanzania, lenye namba OH 65 na umri wa miaka milioni 1.8. Meno yake ya mbele yana mikwaruzo mingi iliyoinama upande mmoja. Watafiti walioieleza mwaka 2016 walisema huenda kiumbe yule aliuma nyama, akaivuta kwa mkono wa kushoto, akaikata kwa jiwe lililokuwa mkono wa kulia, na jiwe lilipoteleza likayakwaruza meno. Wengine wakisikia hivyo husema, kumbe mkono wa kulia ni wa kale. Mimi nautazama ule wa kushoto unaovuta. Nyama isipovutwa, jiwe lolote uwe nalo, haikatiki.

Upe mkono wa kushoto kazi yake

Hapa ndipo penye somo. Mtu wa kulia akifanya kazi vibaya, mara nyingi shida haiko kwenye mkono wa kulia. Iko kwenye wa kushoto, ambao unaning'inia au umeshika pasipohusika.

Mtafiti Mfaransa Yves Guiard aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1987. Alieleza kwamba mikono yetu hugawana kazi kwa utaratibu: wa kushoto hutangulia, wa kushoto huweka mahali, na wa kulia hufanya sehemu ndogondogo ndani ya mahali palipowekwa. Jaribu mwenyewe. Bandika karatasi tupu mezani kwa gundi ya karatasi, juu yake laza karatasi ya kaboni, na juu ya hiyo weka karatasi nyingine isiyobandikwa. Andika barua ndefu kama ulivyozoea. Ukimaliza, fungua uone ile ya chini. Maandishi yako hayakuenea ukurasa mzima. Yamerundikana sehemu finyu, mstari juu ya mstari. Mkono wa kalamu ulikuwa unazunguka palepale, na wa kushoto ndio uliokuwa ukisogeza karatasi bila wewe kujua.

Kwa hiyo anayetaka kurekebisha mwandiko asianzie kwenye kalamu. Weka karatasi upande wa kulia kidogo wa kifua chako, ilaze ncha ya juu ielekee kushoto hadi ukingo wake ufuate mkono wako wa kulia unavyolala mezani. Mkono wa kushoto uweke juu ya karatasi, usawa wa mstari unaoandika au juu yake kidogo. Kila ukimaliza mistari miwili mitatu, sukuma karatasi juu kwa mkono huo. Mkono wa kulia usiteremke. Mtoto anayeandika huku mkono wa kushoto umeegemezwa shavuni, mistari yake itapanda na kushuka hata umnunulie kalamu ya dhahabu.

Msumeno unafuata sheria hiyohiyo, ila ukikosea damu inatoka. Mtu wa kulia asimame mguu wa kushoto ukiwa mbele. Kipande unachokibakiza kiwe kushoto, pale mkono wako au goti linapokandamiza, na kile cha kukatwa kining'inie kulia. Shika mpini kwa vidole vitatu na gumba, kidole cha shahada ukinyoshe ubavuni kielekee mbele. Watu hukikunja, na msumeno unaanza kuyumba. Bega, kiwiko, kiganja na bapa la msumeno vikae kwenye mstari mmoja. Ukitazama toka juu usione kiwiko kikichomoza nje kama unajipenyeza kwenye umati.

Sasa mwanzo wa mkato. Kucha ya gumba la kushoto iweke kwenye mstari wa penseli, kiungo cha gumba kikiwa kimeinuka. Bapa la msumeno liegemee kwenye kiungo hicho, juu ya meno. Vuta msumeno kuja kwako taratibu, uinue, uvute tena. Usisukume bado. Mbao ikishapata kijifereji, gumba liondoe, mkono urudi nyuma ukandamize mbao, ndipo usukume. Sekunde hizo chache za gumba ndizo zinazoamua kama mkato utafuata mstari. Kijana mmoja aliniambia anaweza kuanzisha mkato bila gumba, kwa macho tu. Nikampa mbao ya mninga aanzishe, na mkwaruzo alioupiga bado upo pembeni ya mbao ile, kidole kizima mbali na mstari.

Patasi sitaisemea mengi: nyundo ya mbao kulia, patasi kushoto, na ukichonga kwa mkono bila nyundo, mikono yote miwili ikae nyuma ya makali. Hakuna kazi inayohitaji kiganja cha kushoto kiwe mbele ya patasi. Hakuna.

Kukaza ni kwa kulia, kulegeza ni kwa kushoto

Hili nalifundisha kwa kugusa. Kunja kiwiko cha kulia kikae kama kona ya meza, shika bisibisi, kisha weka vidole vya kushoto juu ya ule msuli wa mbele wa mkono, unaovimba watoto wanaposhindana nguvu. Kaza skrubu. Utausikia msuli unapanda na kuwa mgumu. Sasa igeuzie bisibisi upande wa kulegeza: msuli umelala, na kazi imebaki kwa misuli midogo ya chini ya kiwiko. Msuli ule mkubwa hugeuza kiganja kielekee juu, na kwa mkono wa kulia kugeuza huko ni kukaza. Skrubu za kawaida zinakazwa kuelekea kulia, na kwetu sisi hiyo ni neema.

Neema inageuka siku ya kufungua skrubu iliyokula kutu. Utaona mtu wa kulia anakakamaa, uso umemvimba, bisibisi inaruka na kula kichwa cha skrubu. Hamishia bisibisi mkono wa kushoto. Huko, kulegeza ndiko kunakogeuza kiganja kielekee juu, kwa hiyo msuli mkubwa wa kushoto unaingia kazini. Egemea kwa uzito wa mwili, bisibisi na skrubu vikiwa mstari mmoja, kisha zungusha. Mkono wako dhaifu utafanya kazi iliyoushinda mkono wako wenye nguvu. Vifuniko vya chupa za mdomo mpana ni vivyo hivyo, ukizungusha kwa kiganja wakati kiwiko kimekunjwa. Ukikutana na pedali ya kushoto ya baiskeli, jihadhari: uzi wa skrubu yake umegeuzwa kusudi isijifungue ukiendesha, na kwa hiyo inafunguka kuelekea kulia.

Mkasi nao ni wa kulia, hata kama mashimo ya vidole yanafanana. Ukibana kwa mkono wa kulia, gumba linasukuma na vidole vinavuta, na msukumo huo wa pembeni unayakutanisha makali. Kwa mkono wa kushoto yanaachana, kitambaa kinajikunja katikati yake. Anayekata nguo mezani aburuze bapa la chini juu ya meza, asiliinue, na mkono wa kushoto ulale bapa juu ya kitambaa karibu na mkato ukisonga nao.

Panga meza na mwanga

Mwanga utoke kushoto. Ukitoka kulia, mkono wako wenyewe unatupa kivuli juu ya mstari unaoufuata, na utailaumu miwani. Hii ni kwa seremala, kwa mshonaji, kwa anayeandika usiku.

Vifaa unavyovishika kwa kulia vikae kulia, na kinachofanyiwa kazi kiingie kutoka kushoto. Kwenye meza ya seremala wa kulia, jiliwa la mbele hufungwa ncha ya kushoto, kwa sababu randa tunaipiga kutoka kulia kwenda kushoto, na mbao inabanwa kule tunakoelekea. Kukata kwa msumeno kunafanyika ncha ya kulia ili kipande kianguke nje ya meza. Ukikuta meza ambayo jiliwa liko ncha ya kulia, muulize mwenyewe kabla hujamcheka. Huenda ni wa mashoto. Utepe wa kupimia ndio kifaa kinachonishangaza: namba zake zinasomeka wima pale kasha linapokuwa kulia na ndoano kushoto, maana yake mkono wa kulia ushike kasha, na penseli ishikwe na nani? Kwa mara moja mtu wa mashoto anatuzidi.

Wa ofisini nao wana yao. Kibodi pana ina namba upande wa kulia, hivyo kipanya kinasukumwa mbali nje, bega likae limenyooshwa siku nzima. Hamishia kipanya kushoto. Siku za mwanzo mshale utarandaranda kwenye skrini kama umelewa, kisha utatulia, na mkono wa kulia utabaki huru kuandika kwa kalamu. Kuhusu kuchapa, usiudharau wa kushoto: herufi "a", inayojirudia kuliko zote katika maneno yetu, inapigwa na kidole chake kidogo. Anayechapa Kiswahili kwa vidole viwili vya kulia anamkimbiza farasi mmoja wakati wawili wako zizini.

Kuutunza

Mkono unaotumika ndio unaoumia. Maumivu ya kiwiko upande wa nje, na ganzi ya gumba na vidole vinavyolifuata inayoamsha watu usiku, huwapata zaidi kwenye mkono wanaoutumia sana. Ganzi ikirudi usiku baada ya usiku, nenda ukaonwe na daktari. Kupaka dawa ya kuchua hakuondoi mshipa wa neva kubanwa kwenye kifundo cha mkono. Kabla hujafika huko, gawa mizigo. Ndoo, mkoba, msasa wa kazi kubwa, kufuta meza, kukoroga rangi, vyote havihitaji ustadi, vipe mkono wa kushoto. Ukienda kuchanjwa au kutolewa damu, na mhudumu akakuachia uchague, toa mkono wa kushoto, kesho yake uweze kufanya kazi.

Usihangaike kuufundisha wa kushoto kuandika kama huna haja. Ufundishe kushika, kuelekeza, kusogeza na kuhisi. Nawafumbisha wanagenzi macho wapapase mbao iliyopigwa randa kwa ncha za vidole vya kushoto, waniambie palipoinuka. Vidole vya kushoto havina sugu nyingi, vinasikia ambacho vya kulia vimekwishapoteza.

Ikitokea mkono wa kulia umevunjika na uko kwenye plasta, hapo ndipo utahitaji kuandika kwa wa kushoto. Anza kwa herufi kubwa, ubaoni au kwenye karatasi pana, ukizungusha bega, usianzie vidoleni. Karatasi ilaze ncha ya juu ielekee kulia. Usishangae ukijikuta unaandika herufi zilizogeuka kama kwenye kioo. Huwatokea baadhi ya watu, na zitanyooka. Sahihi ya benki iache, nenda ukaeleze hali yako.

Ukimfundisha mtu wa mashoto

Mtoto akishika kijiko kwa kushoto, mwache. Wengi huonyesha upande wao waziwazi kabla ya kufika miaka minne, na kumgeuza kwa nguvu kunamfanya kama kijana wangu yule, nusu huku nusu kule.

Wewe wa kulia unayemfundisha wa mashoto, usisimame nyuma yake ukamshika mikono kama unavyomfanyia wa kulia mwenzako. Kaa mbele yake, mtazamane. Mkono wako wa kulia utakuwa upande wa mkono wake wa kushoto, naye aige anachokiona bila kukigeuza kichwani. Kufunga kamba za viatu, kushona kwa sindano, kupiga fundo, yote huingia haraka kwa njia hiyo. Kwa msumeno, mpeleke ncha ya pili ya meza, kipande cha kukatwa kining'inie kushoto, mguu wa kulia mbele, gumba la kulia kwenye mstari. Mkasi mtafutie uliotengenezwa kwa kushoto. Asipoupata, aukaze msumari wa katikati na ajifunze kulivuta gumba lije kiganjani anapobana, badala ya kulisukuma nje.